Jinsi ya kuokoa mafaili yaliyofungwa kwenye kompyuta mbovu au ya zamani: mwongozo kamili

Kompyuta imekufa, diski umeitoa, umeichomeka kwenye kompyuta nyingine, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Folda yenye picha na vyeti unaiona, ukiibofya unaambiwa "Access is denied". Au diski inakuja na alama ya kufuli na kudai tarakimu 48. Au Windows inakuomba uifomati kabla ya kuitumia, na mtu anakubali.

Kinachowaangusha watu mara nyingi ni kutumia dawa ya kufuli moja kwenye kufuli jingine. Mafaili ya Windows hufungwa kwa njia tatu zisizofanana hata kidogo. Kufuli la kwanza, la ruhusa, linafunguka kwa amri moja. La pili, BitLocker, linasimba diski nzima (yaani kuivuruga isomeke kwa ufunguo tu), na halifunguki bila ufunguo huo hata ukeshe. La tatu, EFS, linasimba faili mojamoja, na linategemea nenosiri ulilokuwa ukiingilia kwenye kompyuta ile ya zamani.

Mwongozo huu ni wa Windows 7 hadi 11, kwa mafaili yako mwenyewe au ya mtu aliyekuruhusu.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta nzima yenye Windows 10 au 11, ambayo unaingia kama msimamizi. Laptopu yenye betri inayoshika chaji ni bora kuliko ya mezani isiyo na UPS. Umeme ukikatika katikati ya kusoma diski iliyochoka, huenda diski isiamke tena.
- Diski ya nje ya kupokelea mafaili. Kama ya zamani ni ya GB 500, tafuta ya TB 1. Iwe imefomatiwa kwa NTFS au exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4.
- Adapta ya kuunganisha diski kwa USB (maelezo yako hapa chini).
- Flashi ya GB 8 au zaidi ya kuwekea Ubuntu, mfumo wa Linux unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi badala ya Windows. Faili lenyewe la Ubuntu ni karibu GB 6, kwa hiyo panga bando lako mapema.
- Bisibisi ndogo ya nyota, PH0 na PH1, pamoja na kadi ya plastiki isiyotumika ya kubandulia kifuniko.
- Karatasi na kalamu ya kuandikia ufunguo na majina ya diski.

Adapta ndiyo inayonunuliwa vibaya mara nyingi, kwa hiyo fungua kompyuta uione diski kabla ya kwenda dukani. Diski ya inchi 2.5 ya laptopu hutumia adapta ya SATA ya USB 3.0, waya mmoja tu. Diski ya inchi 3.5 ya kompyuta ya mezani inahitaji adapta yenye chaja yake ya volti 12, kwani USB peke yake haiwezi kuizungusha. Diski nyembamba ya M.2, ile inayofanana na ubao wa RAM, ipo ya aina mbili. Yenye pengo moja kwenye meno yake mara nyingi ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA. Adapta ya NVMe haisomi M.2 ya SATA isipokuwa imeandikwa kuwa inasoma zote mbili. Kama diski ina safu mbili za pini nyembamba, hiyo ni IDE ya zamani na inataka adapta ya IDE.

Laptopu nyingi za bei nafuu hazina diski ya kutoa kabisa. Hifadhi yake, eMMC, imechomelewa kwenye ubao mkuu. Hizo huokolewa kwa kuwasha kompyuta yenyewe kwa flashi ya Ubuntu.

## Usifanye haya, hata ukiambiwa ni kawaida

Usikubali kufomati. Ujumbe wa "You need to format the disk" unamaanisha tu kwamba Windows haikuelewa kilichomo. Bonyeza "Cancel". Vivyo hivyo ukifungua Disk Management na ikakuomba "Initialize Disk".

Usiendeshe chkdsk /f kwenye diski ya asili. Amri hiyo inaandika juu ya diski ili mpangilio wa mafaili uwe safi, na iko tayari kulitupa faili lako ili kuupata usafi huo. Kwenye nakala iendeshe upendavyo.

Usimruhusu fundi apige Windows. Kupiga Windows upya ndilo jibu la haraka la vibanda vingi, Kariakoo hata Luthuli Avenue, na ndilo linalozika mafaili. Kwenye SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) hali ni mbaya zaidi, kwa sababu diski hupewa amri ya TRIM na kufuta kabisa sehemu zilizoachwa wazi. Hakuna programu itakayozirudisha.

Usifute nenosiri la Windows ya zamani kwa flashi ya kufutia nenosiri. Utaingia, ndiyo. Lakini kama kulikuwa na mafaili yaliyosimbwa kwa EFS, umeyafunga kwa mkono wako mwenyewe. Sababu iko kwenye Hatua ya 5C.

## Hatua ya 1: Hakikisha kompyuta imekufa kweli

Skrini iliyopasuka si kompyuta iliyokufa. Kama taa zinawaka na feni inazunguka, chomeka runinga kwa waya wa HDMI. Picha isipotokea, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha mshale wa chini mara moja, kisha Enter. Kibodi ikiwa mbovu, chomeka ya USB.

Hatua hii inarukwa sana, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Windows ya zamani ikiwaka ndani ya kompyuta yake, BitLocker inajifungua yenyewe na EFS inafunguka ukiingiza nenosiri lako. Chomeka diski ya nje, nakili kila kitu, kazi imekwisha. Ukiwa humo, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

`manage-bde -protectors -get C:`

Kukitokea tarakimu 48 chini ya maneno "Numerical Password", ziandike kwenye karatasi hapo hapo. Huo ni ufunguo wako, na kompyuta inayoyumba inaweza isikupe nafasi ya pili.

Ukifanikiwa utaona: skrini ya kuingia kwenye runinga. Ukiona ukurasa wa bluu unaodai ufunguo wa kurejesha, usizime kwa hasira. Piga picha ya "Recovery key ID", kisha nenda Hatua ya 5B.

## Hatua ya 2: Toa diski

Zima kompyuta, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Fungua skrubu za chini na uzipange kwenye karatasi kwa umbo la zilivyokaa, maana hazilingani urefu, na ndefu ikiingia pa fupi hutoboa ubao. Bandua kifuniko kwa kadi ya plastiki kuanzia karibu na bawaba.

Kabla ya kugusa diski, chomoa plagi ya betri kwenye ubao. Gusa kitu kikubwa cha chuma kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini. Diski ya SATA huteleza upande kutoka kwenye meno yake. Ya M.2 ina skrubu moja; ukiifungua itainuka yenyewe kwa pembe, ivute polepole.

Kama kompyuta ililoa maji, usiiwashe "kuona kama inafanya kazi". SSD huwa nzima mara nyingi, ikauke tu kabla ya kuichomeka. Diski inayozunguka ambayo imezama majini usiianike wala kuiweka kwenye mchele. Madoa yakikauka juu ya sahani zake, kichwa cha kusomea kinaharibika mara tu inapowashwa. Hiyo ni ya kupeleka kwa wenye maabara.

## Hatua ya 3: Tambua afya ya diski na aina ya kufuli

Chomeka diski kwenye kompyuta nzima na kwanza usikilize. Diski inayozunguka yenye afya hutoa mvumo laini. Ukisikia "tak, tak, tak" kwa mpigo unaojirudia, chomoa mara moja. Kichwa kinashindwa kusoma, na kila dakika unayoongeza kinaweza kuwa kinakwangua sahani. Kuiweka diski kwenye friza hakusaidii, kunaongeza unyevu.

Kama imetulia, fungua File Explorer na ulinganishe na hizi:

- Diski inafunguka, folda zipo, lakini ndani ya Users unakataliwa: kufuli la ruhusa. Nenda 5A.
- Diski ina alama ya kufuli na haifunguki kabisa: BitLocker. Nenda 5B, kisha urudi 5A.
- Folda zinafunguka, lakini mafaili fulani yana kufuli dogo kwenye alama zake, au majina yake ni ya kijani, na hayafunguki hata kwa msimamizi: EFS. Nenda 5C.

Kuna la nne ambalo ni nadra: nenosiri la diski lililowekwa kupitia BIOS, programu ya ubao mkuu inayotangulia Windows. Dalili yake ni kwamba kompyuta ya zamani ilikuwa ikiomba nenosiri kabla hata ya nembo ya Windows, na sasa diski inatambulika kwa USB lakini haisomeki chochote. Hilo hufunguliwa kwa kuirudisha diski kwenye kompyuta yake, au ya aina ileile, na kuingiza nenosiri hilo.

Kama mafaili yote yamepata viishio vya ajabu na kila folda ina barua ya kudai pesa, hilo si kufuli la Windows, ni kirusi cha utekaji. Acha mwongozo huu uende nomoreransom.org, ambako Europol na washirika wake wanaweka zana za bure za kufungulia baadhi ya aina hizo.

## Hatua ya 4: Diski ikiwa mgonjwa, inakili nzima kwanza

Ukiona kompyuta inaganda kila ukifungua folda, au kasi ya kunakili inashuka hadi sifuri na kurudi, usiendelee kuchukua faili mojamoja. Diski iliyochoka ina idadi fulani ya saa zilizobaki, na Explorer inazimaliza kwa kurudia sehemu mbovu bila kikomo. Chukua picha ya diski nzima, kisha fanya kazi kwenye picha.

Weka Ubuntu kwenye flashi kwa kutumia programu ya Rufus. Washa kompyuta nzima kwa flashi hiyo: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, Esc kisha F9 kwa HP, Esc kwa laptopu nyingi za Asus. Usizime Secure Boot, Ubuntu haihitaji izimwe, na kuibadilisha kunaweza kuifanya BitLocker ya kompyuta hiyo nzima nayo idai ufunguo. Chagua "Try Ubuntu". Unganisha intaneti, kisha:

`sudo add-apt-repository universe`
`sudo apt update && sudo apt install gddrescue smartmontools`
`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,FSTYPE`

Hapa tulia. Orodha itaonyesha diski ya kompyuta uliyokaa nayo, diski mgonjwa, diski ya nje na flashi. Zitofautishe kwa ukubwa na jina la kiwanda, na uandike kwenye karatasi ipi ni ipi. Tuseme mgonjwa ni /dev/sdb na diski ya nje inaitwa NAKALA. Pima kwanza:

`sudo smartctl -d sat -a /dev/sdb`

Hiyo ni kwa diski za SATA. Tazama mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Sifuri mwishoni mwa mstari ni afya. Pending ikiwa na mamia, usipoteze muda kwa vipimo zaidi. Nakili:

`sudo ddrescue -n /dev/sdb /media/ubuntu/NAKALA/diski.img /media/ubuntu/NAKALA/diski.map`

Chanzo kinatangulia, mpokeaji anafuata. Kugeuza mpangilio huo ni kufuta unachokiokoa. Alama ya -n inaiambia programu ichukue kwanza kilicho rahisi na kuziruka sehemu ngumu. Ikimaliza, rudia kwa kuzirudia zile ngumu:

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /media/ubuntu/NAKALA/diski.img /media/ubuntu/NAKALA/diski.map`

Faili la .map ndilo kumbukumbu ya kazi. Umeme ukikatika, andika amri ileile na itaendelea ilipoishia. Ukilifuta, unaanza upya. Diski nzima ya GB 500 kupitia USB 3.0 huchukua kama saa moja na nusu. Kwa USB 2.0 tarajia zaidi ya saa nne. Diski mbovu inaweza kulala nayo.

Kumbuka pia kwamba picha ni kubwa kama diski nzima, hata kama mafaili yako ni GB 40 tu.

Kuifungua picha bila kuiandika:

`sudo losetup -fP --show -r /media/ubuntu/NAKALA/diski.img`

Itakujibu jina, mfano /dev/loop12. Tumia jina ulilopewa, kwa sababu Ubuntu huwa imeshatumia loop kadhaa za mwanzo kwa programu zake. Andika tena lsblk uone sehemu zake. Ile kubwa yenye ntfs ndiyo C: ya zamani:

`sudo mount -o ro /dev/loop12p3 /mnt`

Ukifanikiwa utaona: folda ya Users ndani ya /mnt. Kufuli la ruhusa hapa halikuhusu, Linux haiulizi. FSTYPE ikisema BitLocker, njia iko mwishoni mwa 5B.

Wenye laptopu ya eMMC wanafuata njia hiihii kwenye kompyuta yenyewe: unawasha kwa flashi, unaacha ddrescue na losetup kama hifadhi ni nzima, na ku-mount moja kwa moja sehemu kubwa ya /dev/mmcblk0. Usiache -o ro. Windows nyingi hazizimiki kikamilifu kwa sababu ya Fast Startup, na kuandika kwenye diski iliyolala namna hiyo kunaivuruga.

## Hatua ya 5A: Kufuli la ruhusa

Kila mtumiaji wa Windows ana namba yake ndefu ya utambulisho, na folda yako imeandikiwa kwamba namba hiyo iruhusiwe kuingia. Kompyuta mpya haiijui. Ni kama mlinzi wa geti mwenye orodha ya wapangaji waliohama. Mafaili yenyewe hayajasimbwa, yako wazi nyuma yake.

Watu wengi hubofya "Continue", au kutumia takeown na icacls. Zinafanya kazi, lakini zinaandika ruhusa mpya kwenye kila faili la diski ya zamani, maelfu kwa maelfu, na hilo hatulitaki kwenye diski iliyochoka. Njia safi ni kunakili kwa haki za msimamizi wa nakala. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator". Tuseme diski ya zamani ni E:, ya nje ni F:, na jina la mtumiaji ni Amina.

`robocopy "E:\Users\Amina" "F:\Nakala\Amina" /E /B /XJ /R:1 /W:1 /TEE /LOG:F:\ripoti.txt`

Usiache hata kimoja kati ya hivi:

- /B ndicho kinachopita kufuli. Bila Command Prompt ya msimamizi hakifanyi kazi.
- /XJ kinaruka folda za bandia kama "Application Data", ambazo zinaelekeza nyuma zilikotoka. Ukikisahau, amri inazunguka ndani ya folda hizo hadi njia za mafaili zinakuwa ndefu kupita kiasi.
- /R:1 /W:1 kinasema faili likigoma, jaribu mara moja zaidi baada ya sekunde 1. Bila hivyo, robocopy hujaribu mara 1,000,000 na kungoja sekunde 30 kila mara. Ndiyo maana watu hudhani imeganda.

Ruhusa za zamani hazinakiliwi, kwa hiyo nakala inakuja bila kufuli.

Ukifanikiwa utaona: jedwali mwishoni, na safu ya FAILED ina 0. Kama kuna zilizoshindwa, fungua ripoti.txt. "ERROR 5" kwa faili mojamoja inaashiria EFS. "ERROR 23" ni sehemu mbovu ya diski, rudi Hatua ya 4. "ERROR 362" ni faili la OneDrive ambalo halikuwahi kuwepo kwenye diski. Lilikuwa jina tu, mwili wake uko mtandaoni. Ingia onedrive.com kwa akaunti ileile ulipakue.

## Hatua ya 5B: BitLocker

Hapa diski nzima imesimbwa. Ufunguo wa kila siku unakaa kwenye chipu ya TPM iliyo kwenye ubao mkuu, ndiyo sababu diski ikiwa nyumbani kwake hufunguka bila wewe kujua kama imefungwa. Wengi hawakuwahi kuiwasha BitLocker. Windows 11, hata ya Home, huiwasha yenyewe kwenye kompyuta nyingi mara unapoingia kwa akaunti ya Microsoft.

Ufunguo wa akiba una tarakimu 48, mafungu 8 ya tarakimu 6. Utafute kwa mpangilio huu:

Kwanza, account.microsoft.com/devices/recoverykey. Shida ni akaunti ipi. Kompyuta nyingi dukani huwashwa na muuzaji kwa barua pepe aliyoibuni papo hapo, na mwenye kompyuta akapewa PIN tu. Tafuta kwenye SMS na barua pepe zako za zamani ujumbe wa Microsoft wenye namba ya kuthibitisha. Windows 11 toleo la 24H2 huonyesha dokezo la akaunti husika kwenye ukurasa wa bluu wenyewe. Ukikosa, mrudie muuzaji akiwa bado anaikumbuka.

Pili, kama uliingia kwa barua pepe ya kazini au chuoni, ufunguo uko kwa watu wao wa TEHAMA. Tatu, tafuta kwenye flashi na karatasi za zamani faili lenye jina linaloanza na "BitLocker Recovery Key".

Akaunti inaweza kuwa na funguo kadhaa. Ili ujue wa diski hii, andika:

`manage-bde -protectors -get E:`

Linganisha herufi nane za mwanzo za ID na zilizo kwenye orodha. Kisha:

`manage-bde -unlock E: -RecoveryPassword 111111-222222-...`

ukiweka tarakimu zako zote. Ikikataa, kagua ulivyonakili: kila fungu la tarakimu 6 lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Mfano, 502458 ni 11 mara 45678, fungu hilo ni halali. 502453 lina kosa. Kwa kikokotoo cha simu utalijua fungu lenye kosa kwa dakika moja, na kwa kawaida ni 3 iliyosomwa 8, au 1 iliyosomwa 7.

Ukifanikiwa utaona: alama ya kufuli imefunguka na folda ya Users ipo. Sasa utakataliwa kuingia ndani yake, na watu hudhani ufunguo haukukubali. Umekubali. Umepita kufuli la nje, la ruhusa bado lipo. Rudi 5A. Wala usibofye "Turn off BitLocker", kwani hiyo inaiandika upya diski nzima.

Kama ufunguo ni sahihi na diski bado haifunguki, huenda taarifa zake za BitLocker zimeharibika. Tafuta diski tupu yenye ukubwa uleule au zaidi, tuseme G:, ujue kwamba kila kilichomo kitafutwa, kisha:

`repair-bde E: G: -rp 111111-222222-... -lf F:\bde.txt`

Kwa picha ya Hatua ya 4, ndani ya Ubuntu:

`sudo cryptsetup open --type bitlk --readonly /dev/loop12p3 siri`
`sudo mount -o ro /dev/mapper/siri /mnt`

Unapoulizwa nenosiri, andika ufunguo pamoja na vistari vyake.

Huna ufunguo kabisa? Usinunue programu inayodai kuvunja BitLocker, hakuna inayokisia ufunguo huo. Njia iliyobaki ni kuifufua kompyuta yenyewe. Mlipe fundi wa ubao atengeneze mfumo wa chaji au umeme, na umwambie mapema asibadilishe ubao, asiguse chipu ya TPM, asiandike BIOS upya. Ubao ukiwaka kama ulivyokuwa, diski inafunguka.

Mac nyingi zilizotoka kuanzia 2018 ziko katika hali hiyohiyo. Hifadhi yake imefungamana na chipu ya ubaoni, na kutoa diski hakuna faida.

## Hatua ya 5C: EFS

EFS husimba faili mojamoja kwa cheti kilicho ndani ya wasifu wako wa Windows, na cheti hicho kinalindwa na nenosiri lako la kuingilia. Ndiyo maana kulifuta nenosiri kwa nguvu kunakiua. Takeown hapa haifui dafu: utamiliki faili usiloweza kulisoma.

Njia ya uhakika ni kuiwasha Windows ya zamani na kuingia kwa nenosiri la wakati ule. Kama ubao umekufa na diski ni nzima, iweke diski (au nakala yake kwenye diski nyingine) ndani ya kompyuta nyingine inayofanana. Windows 10 na 11 huwaka kwenye mashine ngeni mara nyingi, baada ya kuzunguka kidogo ikijipanga. Ukishaingia, fungua folda zenye mafaili hayo kwa amri hii:

`cipher /d /s:C:\Users\Amina\Documents`

Kama unafanya kazi kwenye nakala, amri hiyo haina hatari. Kama ni diski ya asili na imechoka, toa cheti badala yake: endesha certmgr.msc, Personal, kisha Certificates, chagua chenye "Encrypting File System", bofya kulia, All Tasks, Export, kubali kutoa ufunguo wa siri, hifadhi kama .pfx. Ukilibofya faili hilo kwenye kompyuta mpya na kukiingiza cheti, mafaili yanafunguka.

Ukifanikiwa utaona: kufuli dogo limetoweka kwenye alama za mafaili, au hati inafunguka kwenye kompyuta mpya.

## Hatua ya 6: Usiishie kwenye Documents

Desktop, Pictures na Downloads kila mtu anazikumbuka. Zinazosahaulika ni folda ya OneDrive iliyo ndani ya jina lako (mara nyingi Documents halisi imehamia humo), barua pepe za Outlook zinazoishia .pst, na mafaili ya hesabu za biashara, ambayo mara nyingi yako nje ya Users\Amina. Kwa QuickBooks tafuta .qbw diski nzima. Kwa Tally tafuta folda yenye jina hilo na uchukue Data yake yote.

Nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome hazihami kwa kunakili folda. Zimefungwa kwa akaunti ya Windows ya zamani, kama EFS.

## Hatua ya 7: Kagua kabla ya kushangilia

Panga nakala kwa ukubwa na utafute mafaili ya 0 KB. Fungua picha kadhaa hadi mwisho, si kuangalia vijipicha tu. Picha iliyopitiwa na sehemu mbovu ya diski huonekana nzima kwa kijipicha, ukiifungua nusu ya chini ni kijivu. Video ziruke hadi dakika ya mwisho. Hati za Word na Excel zifunguke bila kuomba kufanyiwa "repair".

Kisha tengeneza nakala ya pili mahali pengine, na diski ya zamani uiweke kando bila kuifuta hadi utakapokuwa umezitumia nakala hizo kwa miezi kadhaa.

## Lini umpelekee mtaalamu

Diski inayogonga, isiyotambulika hata na lsblk, inayoonyesha ukubwa wa 0, au iliyoanguka ikiwa inazunguka, haifai kujaribiwa nyumbani. Tafuta mwenye maabara ya kuokoa data, yenye chumba kisicho na vumbi. Kibanda cha simu hakiwezi kazi hiyo. Muulize kama analipwa hata asipofanikiwa. Ukimkabidhi diski, andika namba yake ya kiwandani kwenye risiti, pamoja na masharti matatu: isifomatiwe, isipigwe Windows, na irudishwe hata kama haikusomeka.